Konokono Ndani ya Chupa ya Tangawizi

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili wa sheria. Sitaeleza sana. Karo iliisha, hamu nayo ikaisha, na mpaka leo sijui ni ipi iliyotangulia. Katika kesi zote nilizosomeshwa, ni moja tu iliyobaki kichwani ikiwa nzima, na inahusu chupa ya bia ya tangawizi. Nilidhani sitaihitaji tena maishani. Kumbe.

Miaka miwili baadaye nilikuwa nyuma ya kaunta ya baa moja hapa Nairobi, nakamua ndimu. Ijumaa usiku kinywaji kilichokuwa kinaenda kuliko vyote ni Moscow Mule: vodka, maji ya ndimu, barafu mpaka juu, halafu unamiminia Stoney polepole hadi povu lipande, ndani ya kikombe cha shaba nyekundu kinachotoa jasho baridi. Ukiondoa kikombe na barafu, ulichonacho ni pombe kali na soda ambayo kila duka la mtaani inauza. Lakini bei yake ilikuwa inatosha kunilisha mimi siku mbili.

Meneja alisikia kwamba huwa naandika-andika. Akaniita kando, akasema anataka menyu mpya, na kila kokteli iwe na historia yake fupi, mistari minne hivi. "Weka kitu kitamu," akaniambia. "Watu hununua stori."

Basi nikaingia kutafuta stori. Nilichopata ni kwamba meneja wangu, bila kujua, alikuwa amesema ukweli wote kuhusu Moscow Mule. Pia nilipata kwamba stori ya vinywaji vya tangawizi haiishii kwenye vikombe vya shaba. Ukiifuata vizuri inakurudisha kwenye swali ambalo mtu wa Nairobi hana ruhusa ya kulipuuza: kilicho ndani ya hii chupa ni nini, na nani atajibu kikiniua?

Tuanze na Moscow, ambayo haimo.

Pyotr Smirnov alikuwa mfanyabiashara wa vodka mjini Moscow katika karne ya 19, mtu aliyepanda hadi akawa anapeleka vinywaji katika nyumba ya mfalme wa Urusi. Baada ya mapinduzi ya 1917 familia ilipoteza kila kitu. Mwanawe, Vladimir, alitoroka nchi, akazunguka Ulaya akijaribu kufufua biashara ya baba yake, jina likiandikwa sasa kwa mtindo wa Kifaransa: Smirnoff. Mwaka 1933, wakati Marekani inaondoa marufuku yake ya pombe, mhamiaji mmoja aitwaye Rudolph Kunett alinunua haki ya kuitengeneza huko Marekani, akafungua kiwanda kidogo katika mji wa Bethel, Connecticut.

Biashara ilikataa. Mmarekani wa wakati huo alikuwa mtu wa wiski na jini. Vodka alikuwa haijui na hakuona sababu ya kuijua. Mwaka 1939 Kunett aliiuza haki hiyo kwa John G. Martin wa kampuni ya Heublein ya Hartford, kwa dola 14,000 na asilimia fulani ya mauzo. Wenzake Martin waliona amepotea njia. Kampuni ilikuwa inaishi kwa kuuza sosi ya nyama, na huyu anawaletea pombe ya Warusi.

Sasa hamia upande wa pili wa nchi, Los Angeles. Pale Sunset Boulevard kulikuwa na baa ya mtindo wa Kiingereza, Cock 'n' Bull, ambayo watu wa sinema walikuwa wanapenda kuketi. Mwenyewe aliitwa Jack Morgan, na yeye pia alikuwa na shida yake: alikuwa na bia ya tangawizi aliyoitengeneza kwa jina la baa yake, na ilikuwa haiendi. Mwaka 1941 Morgan na Martin wakakutana. Mmoja ana vodka asiyojua aipeleke wapi, mwingine ana tangawizi imelala stoo. Ukiongeza ndimu, unapata kinywaji.

Hiyo ni stori rasmi. Iko nyingine, ambayo mimi binafsi naipenda zaidi kwa sababu nimefanya hiyo kazi. Wes Price, aliyekuwa mtu wa kaunta pale Cock 'n' Bull, alisema ni yeye aliyekichanganya, na hakuwa na maono yoyote makubwa. Alikuwa anataka tu kupunguza mizigo iliyojaa stoo. Kama umewahi kufanya kazi ya baa unajua hii ndiyo sababu ya nusu ya "vinywaji maalum vya leo" vyote duniani.

Na kikombe cha shaba? Kuna hadithi kwamba mwanamke mmoja mhamiaji kutoka Urusi, Sophie Berezinski, alikuwa anazunguka Los Angeles na mzigo wa vikombe vya shaba visivyopata mnunuzi, akaingia Cock 'n' Bull, akawakuta wenzake wawili wa shida. Watu watatu, bidhaa tatu zilizokwama, kinywaji kimoja. Ni hadithi iliyonyooka mno. Mimi naishuku, lakini kama ni ya menyu, inaweza kwenda.

Kilicho wazi ni kile Martin alichofanya baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kamera za Polaroid, zile zinazotoa picha hapo hapo, zilianza kuuzwa. Martin alichukua moja na kuanza kuzunguka kwenye mabaa. Anaingia, anamwomba mtu wa kaunta ashike kikombe cha shaba na chupa ya Smirnoff, anampiga picha mbili. Moja anamwachia aibandike ukutani. Ya pili anaenda nayo baa inayofuata, anaiweka juu ya kaunta: ona, majirani zako tayari wanauza hii, wewe unangoja nini?

Hebu fikiria. Hii ni miaka mingi kabla ya sisi kuanza kupiga picha glasi zetu kabla ya kunywa. Jamaa alikuwa ameelewa kwamba pombe isiyo na ladha inauzwa kwa picha. Na sisemi kwa kejeli: kwa miaka mingi sheria ya Marekani yenyewe iliitambua vodka kama pombe isiyo na sifa, harufu, ladha wala rangi ya kuitofautisha. Wiski ina moshi na mbao, ramu ina miwa. Vodka ina jina tu. Kwa hivyo ukaletwa mji wa Moscow ukae kwenye jina la kinywaji cha Los Angeles, chenye vodka ya Connecticut na tangawizi ya mtindo wa Kiingereza. Nyumbu naye akawekwa kwa sababu ya teke. Kufikia miaka ya 1970 vodka ilikuwa imeipita wiski kwa mauzo nchini Marekani. Nyumbu huyo ndiye aliyefungua mlango.

Lakini mchanganyiko wenyewe hakuuvumbua Martin, wala Morgan, wala Price.

Mwaka 1899, kaskazini mwa jimbo la New York, kulikuwa na kinywaji kilichoitwa Mamie Taylor, kwa heshima ya mwanamke msanii wa jukwaani mwenye jina hilo. Ndani yake: wiski ya Skoti, ndimu, na soda ya tangawizi. Toa wiski weka vodka, na una Moscow Mule miaka 40 kabla ya Moscow Mule. Toa tena weka ramu nyeusi, una kinywaji cha Bermuda kiitwacho Dark 'n' Stormy, yaani giza na dhoruba. Pombe kali, tangawizi, tunda chungu. Ni fomula moja inayobadilisha nguo.

Na kila kitu ndani yake kilisafiri kwa meli. Tangawizi ni mmea wa Asia. Ulivuka Bahari ya Hindi na wafanyabiashara kwa karne nyingi kabla Mzungu hajaijua njia hiyo, na ndiyo maana uko katika chai zetu na pilau zetu bila kuomba ruhusa kwa mtu. Wahispania waliupeleka Karibi, na katika karne ya 16 tayari tangawizi ya Jamaika ilikuwa inauzwa Ulaya. Sukari ya Karibi nayo ilifuata. Katikati ya karne ya 18 Waingereza walikuwa wanachanganya tangawizi, sukari, maji na chachu nyumbani, wanaiacha ichachuke, wanaitia kwenye chupa za udongo mgumu. Hiyo ndiyo bia ya tangawizi ya kwanza, na ilikuwa pombe kweli, japo nyepesi. Soda tunayokunywa leo ni mjukuu wake aliyeokoka.

Ndimu ilipanda meli kwa sababu ya kifo. Mabaharia wa safari ndefu walikuwa wanaugua kiseyeye: fizi zinaoza, meno yanatoka, vidonda vya zamani vinafunguka upya. Mwaka 1747, daktari wa meli James Lind, akiwa kwenye HMS Salisbury, aliwachukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, kila jozi ikapewa tiba yake. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Ungedhani kesho yake jeshi la majini lilijaza malimau. Hapana. Ilichukua mpaka 1795, karibu miaka 50, kabla maji ya limau hayajawa mgao wa kawaida. Huko katikati watu waliendelea kuzikwa baharini na jibu liko kwenye karatasi.

Pombe yenyewe haikuhitaji utafiti kuingia melini. Mwaka 1740 Admirali Edward Vernon, akiona mabaharia wake wanalewa hadi kuanguka kutoka juu ya milingoti, aliamuru mgao wa ramu wa kila siku uchanganywe na maji, robo galoni ya maji kwa nusu painti ya ramu, na anayetaka aongeze sukari na ndimu. Kwa hivyo amri ya nidhamu ikazaa kitu kinachofanana sana na kokteli. Mgao huo wa ramu uliendelea hadi tarehe 31 Julai 1970. Miaka 230, maze.

Na ramu ni miwa, na miwa ya Karibi ni watumwa. Hakuna njia ya kuzunguka hapo. Menyu nyingi hupenda kuandika kuhusu Bermuda hivi: mwaka 1806 kijana James Gosling alisafiri kutoka Uingereza na shehena ya mvinyo na pombe kali, akielekea Marekani. Upepo ukafa, meli ikakaa baharini siku 91, muda wa kuikodi ukaisha, wakatia nanga Bermuda, akafungua duka. Ni stori tamu. Familia yake bado inauza ramu nyeusi, Black Seal, iliyopata jina lake kutokana na nta nyeusi ya kuzibia chupa, maana zamani waliijaza katika chupa za shampeni walizookota kwenye mesi ya maofisa wa jeshi la majini. Tamu pia. Ila menyu haitaji kwamba Bermuda ya 1806 ilikuwa kisiwa chenye watumwa, na ilibaki hivyo mpaka 1834. Upepo uliokufa unaandikwa. Watu waliokata miwa juani hawaandikwi.

Kuna kitu kingine. Leo hii, nchini Marekani, jina Dark 'n' Stormy ni alama ya biashara iliyosajiliwa ya Gosling's. Ukiliweka kwenye menyu halafu umimine ramu ya kampuni nyingine, mawakili wanaweza kukuandikia. Mchanganyiko ambao mabaharia wengi wasio na jina waliupata kwa kukaa karibu na ramu na tangawizi sasa una mwenyewe. Kwa upande mwingine, nikiri, alama hiyo ina faida moja: ukisoma jina unajua kilichomo. Kuna mtu amejifunga kwa kile alichokuuzia. Shikilia hapo, tutarudi.

Sasa ile kesi yangu.

Tarehe 26 Agosti 1928, jioni ya Jumapili, May Donoghue alipanda tramu kutoka Glasgow kwenda Paisley, Skotlandi. Alikuwa mfanyakazi wa duka, maisha ya kubangaiza. Akakutana na rafiki kwenye mkahawa uitwao Wellmeadow, na rafiki akamnunulia aiskrimu na bia ya tangawizi, mchanganyiko uliokuwa unapendwa wakati huo. Mwenye mkahawa akamimina kiasi cha tangawizi juu ya aiskrimu. Donoghue akala. Rafiki alipomimina iliyobaki, pamoja na tangawizi ikatoka, alivyosema Donoghue, mizoga ya konokono aliyeoza.

Chupa ilikuwa ya rangi ya kahawia, nzito. Huwezi kuona ndani. Hilo ndilo jambo lote.

Donoghue aliugua tumbo na mshtuko. Lakini amshtaki nani? Mwenye mkahawa alipokea chupa ikiwa imefungwa. Hakuwa na jinsi ya kujua. Aliyetengeneza, David Stevenson, hakuwa na mkataba na Donoghue. Hata mwenye mkahawa hakuwa na mkataba naye, kwa sababu pesa ilitoka kwa rafiki. Na sheria ya wakati huo, kwa lugha ya mtaani, ilikuwa inasema: kama hukununua wewe, pole. Muda mfupi kabla, familia nyingine zilikuwa zimeshtaki mtengenezaji mwingine wa tangawizi kwa ajili ya panya ndani ya chupa, na zikashindwa. Wakili wa Donoghue, Walter Leechman, ndiye aliyekuwa amezipeleka kesi hizo. Alishindwa, akarudi tena na konokono.

Kesi ilipanda hadi Baraza la Mabwana, London. Donoghue hakuwa na pesa za kuweka dhamana, ikabidi atangazwe rasmi kuwa maskini ndipo asikilizwe. Tarehe 26 Mei 1932 majaji watatu kati ya watano walikubaliana naye. Lord Atkin alichukua lile swali la kwenye Biblia, jirani yangu ni nani, akaligeuza kuwa la kisheria. Jibu lake, kwa maneno yangu: jirani yako ni yule ambaye ungepaswa kumfikiria kabla hujatenda, kwa sababu unaona kabisa kwamba uzembe wako utamfikia. Anayetengeneza kinywaji, akakifunga kwenye chupa ambayo hakuna mtu atakayeichungulia mpaka imfikie mnywaji, ana wajibu kwa huyo mnywaji. Hata kama hatamwona maisha yake yote.

Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani. Stevenson alifariki kabla ya hatua hiyo na mambo yakamalizwa nje, kwa pauni 200. Lakini msingi ulibaki, ukasafiri na sheria ya Kiingereza hadi Kenya, na ndiyo maana mwanafunzi yeyote wa sheria hapa ukimwamsha saa tisa usiku ukasema "konokono," atakujibu "Donoghue na Stevenson" bila kufungua macho. Nilipokuwa naisoma darasani tulicheka. Konokono kwa soda ya tangawizi! Mimi nilicheka nusu, nikanyamaza. Nilikuwa nimemkumbuka jirani yetu.

Ploti tuliyokulia, upande wa Mashariki ya jiji, ilikuwa na vyumba 12 na bomba moja. Chumba cha pili kutoka getini kulikuwa na baba mmoja tuliyemwita Baba Njeri, fundi wa viatu. Mimi nilipopata akili alikuwa tayari haoni. Alikuwa anashona viatu kwa kupapasa, na sisi watoto tulikuwa tunamtungia uzi kwenye sindano. Mama alitukataza kumuuliza. Mkubwa wetu mmoja ndiye aliyenieleza: ni ile pombe. Ile ya mwaka 2000.

Kama ulizaliwa baadaye, hii ndiyo hadithi. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru hapa Nairobi, watu walikunywa pombe ya bei ya chini, ile iliyoitwa kumi kumi kwa sababu ya bei yake ya shilingi kumi, ikiwa imetiwa methanoli. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wengine waliamka wakiuliza mbona stima zimepotea, na ilikuwa mchana. Methanoli haina tofauti unayoweza kuionja na pombe ya kawaida. Inafanana, inanukia karibu vilevile, inalewesha. Ila mwili ukiivunja inageuka kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho. Mwaka 2014 ikatokea tena, makumi ya watu wakafa ndani ya siku chache katika kaunti kadhaa. Februari 2024 ikatokea Kirinyaga. Kila mara tunashangaa upya.

Na usiniambie ni kwa sababu Waafrika hawajui kunywa. Kuna historia hapo pia. Mwaka 1919, kwa mkataba uliotiwa sahihi Saint-Germain-en-Laye, mataifa ya kikoloni yalikubaliana kuzuia pombe kali za biashara zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Mzungu wa Nairobi alikuwa na baa yake na jini yake. Mwafrika, kwa muda mrefu wa ukoloni, akikutwa na pombe kali ni kesi. Kwa hivyo pombe kali ya Mwafrika ikazaliwa mafichoni. Pale Kibera, familia za wanajeshi Wanubi, wale waliotoka Sudan kuitumikia KAR, zilikuwa zinakereka pombe iliyoitwa jini ya Wanubi, na huyo ndiye mzazi wa chang'aa. Uhuru ulikuja, lakini marufuku haikuondoka: mwaka 1980 ikatungwa sheria ya kuipiga chang'aa marufuku kabisa. Ilichukua hadi 2010, kupitia ile tunayoiita sheria ya Mututho, ndipo chang'aa ikaruhusiwa kutengenezwa kwa leseni, ikiwa kwenye chupa yenye lebo na onyo.

Ona tofauti ya njia. Huko Uingereza pombe ya nyumbani, bia ya tangawizi ya chupa za udongo, iliachwa ikue. Ikawa kiwanda, kiwanda kikawa na jina, jina likawa na anwani, na siku konokono alipotokea May Donoghue alikuwa na mtu wa kumpeleka mahakamani. Hapa kwetu pombe ya nyumbani ilifukuzwa gizani kwa karibu karne nzima. Gizani hakuna lebo. Hakuna lebo, hakuna Stevenson. Baba Njeri alipopoteza macho hakuwa na jina la kuandika kwenye karatasi, hata angepata wakili. Alikuwa na majirani wengi, lakini si yule jirani wa Lord Atkin.

Sisemi leseni ni dawa ya kila kitu. Kirinyaga ilitokea sheria ikiwa tayari na miaka zaidi ya kumi, na chupa yenye stika inaweza kuwa na uongo ndani kama yoyote. Ninachosema ni kwamba lebo inaanza kama matangazo, lakini ikifanya kazi yake inaishia kuwa ahadi. Martin alipozunguka na kamera yake alikuwa anauza jina. Donoghue alipoenda London alikuwa anadai kwamba jina lililoko kwenye chupa limfunge mwenyewe. Tunahitaji wote wawili, na sisi Nairobi tumejaliwa wa kwanza tele.

Kwa sababu stori tunazo hata zetu. Carnivore, kule Langata, iliyofunguliwa 1980, ilichukua wazo la kinywaji cha Brazili, caipirinha, ikaweka vodka, ndimu, sukari na kijiti chenye asali cha kupondea, ikakiita dawa. Watalii wakakipenda, sasa kiko kila mahali. Jina limetoka nyumbani: ukienda mkahawa wowote mjini na kikohozi chako ukaagiza dawa, utaletewa tangawizi, limau na asali ya moto, bila pombe. Ni ile fomula ya mabaharia, minus ramu. Na inanifurahisha kwamba sisi ndimu na tangawizi tuliziita dawa, ilhali wao walihitaji miaka 50 kumwamini James Lind.

Nilimwandikia meneja menyu yake. Chini ya Moscow Mule niliweka mistari minne: kwamba ilichanganywa Los Angeles mwaka 1941, kwamba hakuna Moscow ndani, kwamba huenda aliyeitengeneza alikuwa anasafisha stoo tu. Chini yake nikaongeza jina la vodka tunayomimina na jina la kampuni iliyoitengeneza. Akaniuliza hiyo ya mwisho ni ya nini. Nikamwambia mteja ajue anakunywa nini na cha nani.

Akaifuta. Alisema inachukua nafasi, na tena tukibadilisha vodka tutachapisha upya? Akaacha ile ya kusafisha stoo, akasema inachekesha.

Sikuendelea pale muda mrefu. Lakini kila nikikaa kwenye kaunta ya mtu mwingine huwa naomba nioneshwe chupa kabla haijamiminwa. Wenzangu huniona mshamba. Natazama jina, natazama anwani, natazama kama kizibo kimeguswa. Halafu nakunywa.